Mafundi wa Gati la Hyde Street

Mwaka 1899 mke wa nahodha Alfred Durkee alijifungua mtoto wa kike katikati ya Bahari ya Hindi. Hapakuwa na hospitali wala nchi kavu karibu, ila chumba cha nahodha kwenye shetri ya merikebu iliyotoka India ikielekea San Francisco, Marekani. Wazazi wakamwita mtoto Inda, kwa kumbukumbu ya bahari aliyozaliwa. Merikebu ile ni Balclutha, na ingali inaelea. Imefungwa kwenye gati la Hyde Street, upande wa kaskazini wa jiji la San Francisco, na mgeni anaweza kuingia katika vyumba vya nahodha, kuona mbao zake zilizong'arishwa, kisha kushuka ngazi hadi ngama ambamo zamani yalipakiwa makaa ya mawe na ngano.

Hifadhi ya taifa inayoitunza merikebu hiyo ilizaliwa kwa hatua. Makumbusho yalifunguliwa 1951. Gati na vyombo vyake vikawa bustani ya kihistoria ya jimbo la California mwaka 1963. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mali yote ikakabidhiwa kwa Idara ya Hifadhi za Taifa, na Juni 1988 ikapata sheria yake na jina lake: San Francisco Maritime National Historical Park. Mwaka 2026 makumbusho yanatimiza miaka 75. Wenye kuandika historia za taasisi hupenda kuanzia kwenye sheria na sahihi za wakubwa. Historia ya mahali hapa inaeleweka vizuri zaidi ikianzia kwa vijana wawili waliopanda chombo kimoja mwaka 1941.

Chombo hicho kiliitwa Kaiulani. Kilikuwa na milingoti mitatu, kimejengwa 1899 Bath, jimbo la Maine, na miaka ya Vita vya Pili vya Dunia ilipofika kilikuwa tayari kizee. Mmoja wa mabaharia wake alikuwa Karl Kortum, kijana wa miaka ya ishirini aliyekulia kwenye shamba la kuku karibu na Petaluma, kaskazini mwa San Francisco. Mwenzake alikuwa Harry Dring. Walipakia mbao katika jimbo la Washington, wakazunguka Rasi ya Horn, ncha ya kusini kabisa ya Amerika, na kushusha shehena Durban, Afrika Kusini. Walipokuwa njiani Marekani iliingia vitani. Safari ile ndiyo ya mwisho kwa merikebu ya biashara ya Kimarekani yenye matanga ya mraba kuizunguka rasi hiyo. Vijana hao walijifunza kazi ya kutweka, kukunja na kushona matanga wakati ambapo duniani kazi hiyo ilikuwa inakatika, na walirudi nyumbani wakijua jambo ambalo wengi hawakulijua: ujuzi ule ungezikwa pamoja na wazee wachache waliobaki.

Mwaka 1949 Kortum alimwandikia barua Scott Newhall, mhariri katika gazeti la San Francisco Chronicle. Alitaka jiji lijenge makumbusho ya bahari, na si kabati za vioo peke yake: alitaka vyombo vyenyewe, majini, vikiwa vimefungwa mahali ambapo mtoto wa shule angeweza kuvipanda. Newhall alikuwa mpenzi wa bahari, naye alikuwa na sauti mjini. Akalishika wazo hilo na kulipigania. Miaka miwili baadaye milango ikafunguliwa.

Jengo walilopewa lina hadithi yake, tena yenye uchungu kidogo. Lilijengwa katika miaka ya 1930 na mradi wa serikali wa kuwapa kazi watu waliokuwa wamekosa ajira wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Lilizinduliwa 1939 kama nyumba ya umma ya waogaji, mbele ya kipande cha ufuo kilichokingwa dhidi ya mawimbi. Wasanifu walilipa umbo la meli ya abiria: kuta nyeupe zenye pembe za mviringo, madirisha ya duara, sakafu zilizopangwa moja juu ya nyingine kama sitaha. Ndani, msanii Hilaire Hiler alipaka kuta picha za ulimwengu wa chini ya bahari, samaki na magofu ya nchi za kubuni zilizozama. Nje, mchongaji Mmarekani Mweusi Sargent Johnson alichonga mawe ya kijani kibichi yanayouzunguka mlango mkuu, kisha akaanza kuupamba kwa vigae ukuta wa baraza inayotazama maji. Hakumaliza. Jengo lililojengwa kwa fedha za umma lilikuwa limekabidhiwa wafanyabiashara binafsi, na wasanii wakagoma kukubali. Pengo la vigae lipo hadi leo. Ni moja ya vitu vya kweli kabisa katika hifadhi hii, na inafaa mgeni asimame mbele yake kabla ya kwenda gatini.

Wakati wa vita jeshi lililichukua jengo hilo. Amani iliporudi lilikuwa likitafuta kazi, na hapo ndipo barua ya Kortum ilipopata nyumba.

Makumbusho bila chombo, hata hivyo, yalikuwa nusu ya ndoto. Chombo kilichotafutwa kilikuwa kimekwama kwenye matope ya Sausalito, ng'ambo ya ghuba, kikila kutu. Kilikuwa na jina la Pacific Queen, na kilikuwa ni Balclutha ile ile ya mtoto Inda.

Merikebu hiyo ilishushwa majini 1886 katika kiwanda cha Charles Connell, Glasgow, Uskoti, kwa ajili ya tajiri Robert McMillan wa Dumbarton. Jina lake limetokana na jina la kale la mji huo, lenye maana ya mji ulio kando ya mto Clyde. Kiunzi chake ni cha chuma cha pua, kina milingoti mitatu, na tani zake ni 1,689. Mtu aliyezoea jahazi lenye foromali moja ndefu iliyolala mshazari atashangaa akiinua macho: kila mlingoti una foromali kadhaa zilizokaa msalaba, kila moja na tanga lake, na kamba zinazoshuka hadi sitahani ni nyingi kiasi kwamba baharia mgeni alihitaji muda kujifunza kila moja imefungwa wapi, kwa sababu usiku wa dhoruba angelazimika kuipata kwa kupapasa. Kazi yote hiyo ilifanywa na watu wapatao 26.

Safari yake ya kwanza ilianza Januari 1887 kutoka Cardiff, ikiwa na tani 2,650 za makaa ya mawe, na ilichukua siku 140 kufika San Francisco. Ilirudi Ulaya na ngano ya California. Ndani ya miaka 13 ilizunguka Rasi ya Horn mara 17. Ilibeba mchele wa Rangoon, sufu ya New Zealand, mbolea ya chumvi ya Chile. Kisha ikapeleka mbao Australia na kurudi na makaa ya mawe. Kuanzia 1902 ilikodiwa na kampuni ya Alaska Packers, iliyokuwa ikisindika samaki aina ya samoni huko kaskazini, na mwaka 1904 ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Kodiak. Kampuni ikainunua hapo hapo ilipokwama, kwa dola 500, ikaitengeneza na kuiita Star of Alaska.

Sehemu hii ya maisha yake ndiyo inayostahili kutazamwa kwa utulivu. Kila mwaka merikebu ilipanda kaskazini majira ya kuchipua na kurejea vuli ikiwa na shehena ya makopo ya samaki. Watu zaidi ya 200 walisongamana ndani. Wavuvi wa Kiitaliano na wa Skandinavia walijengewa vyumba juu, chini ya sitaha iliyorefushwa kwa ajili yao. Wafanyakazi wa kiwandani, Wachina, Wajapani, Wafilipino na Wameksiko, waliwekwa chini, kwenye giza la sitaha ya katikati, mahali palipojengwa kwa ajili ya mizigo. Hifadhi haikuficha jambo hilo; vitanda vya mbao vilivyobanana vipo, na maelezo yapo. Merikebu iliyotunzwa vizuri inaweza kumfanya mtu atamani zamani. Ukishuka hatua chache kutoka kwenye viti vya nahodha hadi kwenye vitanda hivyo, tamaa hiyo hupata adabu.

Safari ya mwisho ya Alaska ilikuwa 1930. Mwaka 1933 mtu mmoja aliyeitwa Frank Kissinger aliinunua kwa dola 5,000, akaipa jina la Pacific Queen, akaiingiza katika filamu ya Mutiny on the Bounty ya 1935, kisha akawa anaivuta bandari hadi bandari, watu wakilipa kiingilio kuitazama. Rangi ilibanduka, kamba zikaoza. Mwaka 1954 makumbusho yaliinunua kwa dola 25,000.

Kisha likaja jambo ambalo ndilo msingi halisi wa taasisi hii. Makumbusho hayakuwa na fedha za kuitengeneza. Kortum na wenzake wakaenda kwa vyama vya wafanyakazi wa bandari. Harry Lundeberg, kiongozi wa chama cha mabaharia wa pwani ya Pasifiki, alikubali. Mabaharia, mafundi wa vyuma, mafundi mbao, wapaka rangi, mafundi wa kamba, wakatoa siku zao bila malipo. Viwanda na maduka yakatoa rangi, mbao na nyaya. Jack Dickerhoff, fundi mkuu wa kamba na milingoti, aliyejua kazi tangu enzi ya matanga yenyewe, ndiye aliyesimamia kufunga upya kila kamba. Harry Dring, yule mwenzake Kortum wa Kaiulani, akawa mtunzaji wa vyombo. Julai 1955 Balclutha ilifunguliwa kwa umma ikiwa imerudishiwa jina lake la kuzaliwa, na fedha za viingilio vya wageni ndizo zilizoanza kuyalisha makumbusho.

Ni haki kusema kwamba jiji halikupewa merikebu. Lilijengewa na watu waliofanya kazi ya kijungujiko siku za wiki na kazi ya mapenzi siku za mapumziko.

Baada ya hapo vyombo vikaja kimoja kimoja, kila kimoja na kabila lake la kazi. C.A. Thayer, ya milingoti mitatu, ilijengwa kwa mbao 1895 na fundi Hans Bendixsen, karibu na Eureka, California. Kazi yake ilikuwa kubeba mbao za kujengea miji ya pwani, na nusu ya mzigo ilipangwa juu ya sitaha hadi kimo cha kumpita mtu. Watu wanane au tisa waliiendesha. Baadaye ilibeba samaki waliotiwa chumvi kutoka Alaska, ikavua katika baridi ya Bahari ya Bering, ikang'olewa milingoti na jeshi wakati wa vita, ikarudishiwa, na ikavua tena hadi 1950. Ilikuwa ya mwisho: baada yake hakuna chombo cha biashara kilichotumia matanga katika pwani hiyo ya Marekani. Jimbo la California liliinunua 1957.

Eureka ni kiumbe mwingine kabisa. Ni feri ya mbao yenye urefu wa mita zipatazo 91, iliyoanza kazi 1890 kwa jina la Ukiah, ikivusha mabehewa ya treni. Ilijengwa upya 1922, ikawa na nafasi ya abiria 2,300 na magari 120. Iliendeshwa na magurudumu mawili makubwa ya makasia, moja kila ubavu, na nguvu ilitoka kwenye mtambo wa mvuke wenye kimo cha ghorofa nne. Juu kabisa kuna boriti ya chuma iliyokaa kama pembea: upande mmoja ulisukumwa na mvuke, upande wa pili ukazungusha magurudumu. Gati la Hyde Street lenyewe lilijengwa kwa ajili ya feri kama hizi. Magari yaliyokuwa yakisafiri barabara kuu ya pwani yalipanda hapo kuvuka kwenda Sausalito. Mei 1937 daraja la Golden Gate likafunguliwa, na foleni za magari gatini zikapungua hadi zikaisha. Eureka ilihamishiwa njia nyingine hadi mwaka 1957, siku pini moja kubwa ya mtambo wake ilipokatika. Haikutengenezwa tena kwa kazi. Mtu wa Likoni au Kigamboni akisimama kwenye sitaha yake ya magari, penye magari ya kale yaliyopangwa safu kama yanasubiri kamba ya mbele ifunguliwe, hahitaji kuelezwa ni nini.

Kati ya vyombo vyote, Alma ndiyo iliyo karibu zaidi na pwani ya Waswahili kwa tabia. Ina urefu wa mita 18, imejengwa 1891 na fundi Fred Siemer huko Hunters Point, naye akaipa jina la mjukuu wake. Tumbo lake ni bapa kama sinia. Zamani vyombo vya namna hiyo vilikuwa vingi katika Ghuba ya San Francisco, vikipenya vijito vya mashambani. Maji yakipwa chombo hupwelewa, kikakaa sawasawa juu ya matope. Wakulima wakaleta majani makavu ya farasi na kuyapanga sitahani. Maji yakijaa, kikainuka na kwenda zake mjini. Farasi wa San Francisco walilishwa hivyo. Malori yalipokuja vyombo hivyo vikaachwa, na Alma ikabaki ikichota maganda ya chaza hadi 1957. Ndiyo pekee ya aina yake iliyobaki majini.

Tagi mbili, yaani vyombo vya kuvuta meli, zinakamilisha kundi. Hercules, ya 1907, ilijengwa New Jersey, ikaivuta dada yake Goliah kupitia Mlango-bahari wa Magellan hadi San Francisco. Eppleton Hall, tagi ya magurudumu ya makasia ya 1914 kutoka South Shields, Uingereza, ililetwa na Newhall mwenyewe. Yule mhariri aliyepokea barua ya 1949 aliinunua ikiwa karibu kukatwa vyuma chakavu, akaitengeneza, akaiendesha kwa injini zake kuvuka Atlantiki na Mfereji wa Panama, na Machi 1970 ikaingia chini ya daraja la Golden Gate. Chombo kilichotengenezwa kwa kazi za mtoni kilivuka bahari kuu. Huo ni ushupavu wa kupigiwa saluti.

Kortum hakuishia San Francisco. Mwaka 1966 aliiona huko Buenos Aires merikebu ya chuma iitwayo Wavertree, ikiwa imegeuzwa tishari la kubebea mchanga, na hatimaye ikapelekwa New York kwenye makumbusho ya South Street. Alikuwa pia miongoni mwa waliosukuma uokoaji wa meli iitwayo Great Britain, iliyorudishwa Bristol kutoka visiwa vya Falkland mwaka 1970. Alifariki 1996.

Historia ya kusherehekea haipaswi kuficha msiba. Wapama, meli ya mbao ya mvuke iliyojengwa 1915 na ambayo ilikuwa ya mwisho ya jamii yake, ilikuwa mali ya hifadhi. Mbao zake zilioza haraka kuliko fedha zilivyopatikana. Ilitolewa majini, ikawekwa juu ya tishari kwa miaka mingi, na mwaka 2013 ikavunjwa. Injini na vipande vichache vilihifadhiwa. Hakuna lugha ya kulainisha jambo hilo: taasisi iliyoundwa ili vyombo visife ilisimamia kifo cha kimoja.

Ndiyo maana kazi iliyofanywa kwa Thayer ina uzito. Kati ya 2004 na 2007 ilipandishwa, ikafunguliwa, na takriban asilimia 80 ya mbao zake zikabadilishwa. Wapo waliouliza kama hicho bado ni chombo kilekile. Swali hilo lina jibu kwa yeyote aliyewahi kukaa karibu na mafundi wa majahazi wa Lamu au Nungwi, ambao huondoa ubao uliooza na kuweka mpya mwaka hadi mwaka, na chombo kikabaki na jina lake na mwenye nacho. Mataruma na mapande ya Thayer yalikatwa kwa kufuata vipimo vya zamani. Nyuzi za kukalafatia ziligongwa kwa nyundo kwenye mapengo ya mbao na kuzibwa, kazi ambayo pwani ya Afrika Mashariki hufanywa kwa pamba na mafuta. Katika kufanya hivyo, kundi jipya la mafundi lilijifunza kile ambacho kingekufa na Dickerhoff. Kitabu kinaweza kueleza jinsi ya kukalafati, lakini sikio ndilo linalojua mlio wa nyundo pale mshono uliposhiba.

Sauti nyingine iliyohifadhiwa ni nyimbo. Kwa miaka mingi wakazi wa jiji wamekusanyika kwenye vyombo hivi kuimba nyimbo za kazi za mabaharia: mmoja hutoa, wengine huitikia, na katika kiitikio ndipo kamba ilipovutwa. Makuli na wapagazi wa pwani waliokuwa wakiitikiana "harambee" wangeitambua hesabu hiyo mara moja.

Mjini kwenyewe bado kuna merikebu ambazo hazionekani. Wakati wa kukimbilia dhahabu, kuanzia 1849, mamia ya vyombo viliachwa na mabaharia wao waliotorokea machimboni. Vingine vilivutwa ufukoni vikawa maghala, na ghuba ilipofukiwa, mtaa wa biashara ukajengwa juu yao. Niantic iliibuliwa 1978 wakati wa kuchimba msingi wa jengo, na kipande chake kimehifadhiwa na makumbusho. Treni za chini ya ardhi za jiji hupita ndani ya mabaki ya chombo kingine, Rome.

Msomaji atakayejaliwa kufika San Francisco aulize kwanza ni vyombo gani vipo gatini, kwa kuwa mara kwa mara kimoja kati yao huwa chelezoni kwa matengenezo, na magati yenyewe ya pale ni mazee yanayohitaji kujengwa upya. Aanzie kwenye baraza ya jengo jeupe, penye vigae visivyokamilika vya Sargent Johnson. Kisha aende Hyde Street, apande Balclutha, ashuke hadi chini kabisa, na akae humo muda wa kutosha kusikia maji yakigonga chuma cha 1886. Akikuta mafundi kazini, asiwapite. Awasalimie, na awaulize wanachofanya.